Usihukumu Kabla ya Ukurasa wa Mwisho

Nawasalimu mlioko Garsen mjini na Minjila njia panda. Nawasalimu wa Tarasaa na Ngao, wa Idsowe, wa Gamba, na wa Kipini kule mto unakoingia baharini. Na ndugu zetu wa kule juu, wa Wenje, wa Hola, wa Bura, kama sauti inawafikia, karibuni jamvini. Wewe uliye shambani unafukuza ndege wasimalize mpunga, wewe uliye nyuma ya ng'ombe na redio ndogo umeitia mfukoni, nawe mama unayekaanga mahamri ya jioni, sogea. Leo sina habari ya bei ya mifugo wala habari ya barabara. Leo nina habari ya vitabu.

Usizime redio! Nipe nafasi kidogo tu.

Juzi kijana mmoja alinisimamisha pale stendi ya Garsen, akaniuliza, "Mwalimu, wewe kila siku unatuambia tusome, tusome. Wewe mwenyewe mwaka huu umesoma nini?" Nilicheka. Kisha nikaona swali lake ni la haki. Anayewaambia wenzake wale naye aonekane akitafuna. Basi mazungumzo ya leo ni jibu la kijana yule.

Nitasema mambo matatu. La kwanza ni riwaya za upelelezi, zile za nani kaua, nani kaiba, siri iko wapi. La pili ni riwaya za vijana, zile ambazo mhusika mkuu ni mtoto au kijana anayeitafuta njia yake. La tatu, na hilo ndilo lililonileta hapa, ni jinsi vitabu hivyo vinavyotuhusu sisi watu wa Tana River. Na liko neno moja ambalo nitalirudia leo mpaka mlichoke: usimhukumu mtu kabla ya ukurasa wa mwisho.

Haya, tuanze.

Mwaka wangu wa kusoma ulianza na maji. Mnayakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei mwaka wa 2024. Sina haja ya kuwasimulia. Wengi wenu mlilala chini ya turubai. Nami nilihama na watu wangu, na nyumbani nikaacha sanduku la vitabu juu ya kabati, nikisema maji hayatafika huko. Yalifika. Niliporudi, sanduku lilikuwa limekaa ndani ya tope, na vitabu vimevimba kama mikate iliyoangukia chaini.

Nikafanya nini? Nikatandika jamvi uani, nikavianika kama tuanikavyo mpunga. Ukurasa kwa ukurasa, huku nikifukuza kuku. Vingine vilikuwa vimegandana, ukivuta ukurasa mmoja unakuja na mwenzake. Vingine vilipona. Na pale kwenye jamvi, jua linachoma mgongo, nikajiwekea nadhiri: vilivyopona nitavisoma vyote kabla maji hayajarudi. Maana nilikuwa nimevihifadhi miaka mingi bila kuvifungua. Nani kati yetu hana kitu kizuri alichokifungia sandukuni, akisubiri siku ambayo haiji?

Cha kwanza kilichopona, au niseme kilichopona nusu, kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Mwandishi wake ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Zanzibar, aliyezaliwa 1918 na aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la *Mkulima*. Hadithi hiyo ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu kikatoka mwaka wa 1960. Yaani kabla Kenya haijapata uhuru, tayari tulikuwa na mpelelezi wetu anayezungumza Kiswahili. Jina lake Bwana Msa. Anavuta kiko, anafuatana na rafiki yake Najum, na kila wenzake wanapokimbilia jibu, yeye huuliza swali jingine.

Kisa chenyewe kinahusu maiti. Tajiri mmoja mwenye mali na mashamba, Bwana Ali, anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa. Sasa nani kaua? Je, ni watu, au ni hao wa kale wenyewe? Sitawaambia. Kwanza kwa sababu si adabu kumharibia mtu utamu. Pili kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui: kurasa za mwisho za kitabu changu zilikwenda na mafuriko.

Sikilizeni yaliyotokea.

Nina rafiki yangu kinyozi hapa Garsen. Jioni, jua likipoa, kibanda chake huwa baraza. Siku moja nilikuwa naye pale na kitabu changu chenye madoa ya tope, akaniambia, "Mwalimu, usisome peke yako kama mchoyo. Tusomee na sisi." Nikasoma kwa sauti. Kesho yake nikasoma tena. Siku ya tatu watu wakaanza kuja bila ya nywele kuwa ndefu! Alikuwapo mzee mmoja mfugaji, hukaa na bakora yake katikati ya magoti. Alikuwapo kijana wa boda boda. Alikuwapo mama muuza samaki, akisikiliza kutoka nje huku akipunga nzi. Siku niliyofika kwenye ile maiti, wembe ulisimama hewani, na kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, nusu kina nywele. Yule mteja hakulalamika. Naye alikuwa akisubiri.

Halafu nikafika mwisho wa kurasa zilizobaki. Nikafunga kitabu. "Endelea," wakasema. Nikawaambia, "Hakuna zaidi. Kilichobaki kimechukuliwa na mto."

Ee bwana! Pale ndipo kesi ilipoanza. Yule mzee akasema aliyeua ni wa jamaa ya marehemu, hapana mwingine, mali huua. Kijana wa boda boda akasema la, ni mtu wa nje mwenye deni. Mama muuza samaki akasema ninyi nyote mnasumbuka bure, mahali pale pana wenyewe, na wenyewe ndio walioua. Kinyozi akamtaja mtu mmoja kwa sababu tu, akasema, huyu anaongea mno. Wakabishana hadi taa zikawashwa. Kesho wakabishana tena. Wiki ya pili, mzee na kijana wa boda boda walikuwa karibu waache kusalimiana, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo duniani, mtu wa karatasi!

Na mimi nikawa nawatazama, nikagundua jambo. Mzee yule ana kesi ya mirathi katika ukoo wake, ina miaka. Kijana wa boda boda anafuatwa na mdai. Kila mmoja alikuwa amemtia hatiani mtu anayefanana na aliyemuudhi yeye. Ushahidi hawakuutazama. Walitazama majeraha yao.

Nilipiga simu kwa jamaa yangu Mombasa, akanitafutia nakala nzima, akaituma kwa basi. Ilichukua zaidi ya mwezi. Siku ilipofika, kibanda kilijaa. Nikasoma mpaka mwisho. Na nani alikuwa amepatia? Hapana hata mmoja. Kukawa kimya. Kisha yule mzee akapiga bakora yake chini polepole, akasema, "Kumbe yule tulimwonea bure."

Wasikilizaji wangu, sentensi hiyo nimetembea nayo mwaka mzima. *Kumbe tulimwonea bure.* Ndiyo maana nasema, usimhukumu mtu kabla ya ukurasa wa mwisho.

Bwana Msa hakuishia hapo. Viko *Kisima cha Giningi* cha 1968, *Duniani Kuna Watu* cha 1973, *Siri ya Sifuri* cha 1974, na vingine. Wapo wanaosema Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes wa London, kwa kuwa naye ana kiko na ana rafiki wa kufuatana naye. Sikatai. Lakini Holmes hajui kupiga soga barazani, wala hamjui mtu mwenye kuogopa mzimu. Bwana Msa anamjua. Hamcheki mtu huyo, wala hamkubalii. Anamuuliza tu: ulimwona nani? saa ngapi? ulikuwa umesimama wapi? Na hofu ikiulizwa vizuri, huanza kutoa majina ya watu.

Wengine niliowasoma nitawapitia haraka. Faraji Katalambulla aliandika *Simu ya Kifo*, ikatoka 1965. Mpelelezi wake ni Inspekta Wingo, na tangu jina la kitabu unajua kwamba simu ikilia, roho inaruka. Nilikisoma usiku mmoja, na simu yangu ilipolia saa tano, nilikaribia kuitupa dirishani. Kumbe ni mtu wa mkopo.

Halafu Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba. *Kufa na Kupona* kilitoka 1974. Huyu si wa kiko na baraza. Huyu ni wa bastola, ndege na hoteli, anapambana na majasusi wa makaburu enzi ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Na Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, aliyefariki 2008, alituachia Joram Kiango, kijana mtanashati anayeingia hatarini kama anakwenda harusini.

Je, vyote ni vizuri sawa? Hapana, na si vyema niwadanganye. Willy Gamba ana bahati mno. Risasi zote zinamkosa, na wanawake wengi katika vitabu hivyo wamewekwa kama maua mezani: wazuri, hawana kazi. Bwana Msa ana maneno mengi, na wakati mwingine unataka kumwambia, mzee, fupisha. Lakini ukiniuliza nani mshindi wangu wa mwaka, namtaja Bwana Msa bila kusitasita. Kwa sababu Willy Gamba hushinda kwa ngumi, na Bwana Msa hushinda kwa kusubiri. Na mimi na wewe tunaishi mahali panapohitaji watu wa kusubiri.

Najua wapo wazazi na walimu wananisikiliza wanakunja uso. Vitabu hivyo si vya uhuni? Nilipokuwa shule, mwalimu mmoja alininyang'anya riwaya ya upelelezi akaitia katika droo ya meza yake. Miaka mingi baadaye alikiri kwangu kwamba aliisoma usiku uleule, akamaliza asubuhi. Hata wataalamu waliziita riwaya hizo fasihi pendwa, kama kwamba kupendwa ni kosa. Lakini nawauliza: mtoto asiyekifungua kitabu anachokipenda, atakifunguaje asichokipenda?

Basi tukumbushane. La kwanza tumelimaliza: riwaya ya upelelezi inafundisha kuuliza kabla ya kuhukumu. Sasa la pili, riwaya za vijana.

Mpwa wangu yuko sekondari. Wakati ule wa mafuriko tulikuwa naye kambini. Nguo zake mbili, sufuria, na mfuko wa plastiki aliokuwa haufungui mbele ya watu. Nilidhani ni simu. Siku moja nikamkuta amekaa nyuma ya hema, mahali penye kivuli chembamba kama mkanda, ameufungua. Ndani yake mna *Siku Njema* ya Ken Walibora, haina jalada. Nikamuuliza, "Mwanangu, katika vitu vyote vya nyumbani, umeokoa hiki?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mjomba, yuko njiani anamtafuta baba yake. Ningemwachaje?"

*Siku Njema* ilitoka mwaka wa 1996, na wengi wenu mliisoma shuleni. Mhusika wake ni Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga, anayefiwa na mama, anateswa, kisha anashika njia ndefu hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Mimi nilikuwa nimeisoma zamani kama kitabu cha mtihani, na mtihani huua kitabu. Mwaka huu nimeisoma kama mtu. Na nikaona kitu ambacho darasani hatukuambiwa: hii nayo ni riwaya ya upelelezi! Anayetafutwa ni baba. Dalili zinaokotwa njiani. Watu wengine wanasema kweli, wengine wanapotosha. Tofauti ni moja tu. Bwana Msa anauliza, nani kafanya? Kongowea anauliza, mimi ni nani? Na ni kijana gani wa Garsen, wa Bura au wa Kipini asiyejiuliza swali hilo usiku, shuka limefunika kichwa?

Walibora alituacha Aprili 2020 jijini Nairobi, akiwa bado anaandika. Ilisemekana aligongwa na matatu, na maswali mengi yakaulizwa juu ya kifo chake. Mimi sitaongeza neno hapo. Nimeshasema: usihukumu kabla ya ukurasa wa mwisho, na ukurasa ule sikuusoma.

Kitabu cha pili cha vijana ni *Watoto wa Mama Ntilie* cha Emmanuel Mbogo, cha 2002. Hapa tuko Dar es Salaam, na watoto Peter na Zita, mama yao anauza chakula, baba yao yuko ulevini. Wanakosa nafasi shuleni kwa sababu ya umaskini, na jaa la taka linakuwa ndilo darasa. Nilipofika kwenye jaa niliacha kusoma, nikatoka nje. Kwa nini? Kwa sababu hapa kwetu nimewaona watoto wa umri wa Zita wakizunguka na debe la maji au sahani ya viazi saa ambazo wenzao wako darasani. Nilikuwa nawaita watundu. Kumbe na mimi nilikuwa nahukumu baada ya kusoma jalada tu!

Cha tatu kilinichukua mbali zaidi. Mnamkumbuka Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 2021. Riwaya yake moja ya 1994 imetiwa katika Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, ikachapishwa Dar es Salaam. Mhusika ni Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili. Siku moja baba yake anamtoa aende na tajiri anayemwita ami. Mtoto anadhani anakwenda kutembea. Polepole anagundua kwamba si ami, na si matembezi: yeye ni rehani ya deni. Hapo pana siri kubwa kuliko ya maiti yoyote. Mkosaji anajulikana, ni watu wazima wote waliomzunguka, na hakuna polisi wa kumwita.

Kwa hiyo ukiniuliza mshindi wangu wa vitabu vya vijana, *Peponi* ndicho kilichoniumiza zaidi, lakini *Siku Njema* ndicho nitakachompa kijana kwanza. Kijana mpe kwanza kitabu chenye mlango wa kutokea. Baadaye mpe kile kisicho na mlango.

Nimesema la kwanza, nimesema la pili. Sasa la tatu: vinatuhusu nini sisi?

Kuna wanaodhani hadithi za siri na upelelezi zililetwa na meli kutoka Ulaya. Nawauliza, kaburi la Fumo Liyongo, shujaa wetu wa kale, wazee wanalionyesha wapi? Si hapa, Kipini, upande wa Ozi? Basi kisikilizeni kisa chake kwa sikio la mpelelezi. Liyongo amefungwa gerezani. Mama yake anampelekea mikate, mizuri na mmoja wa wishwa, wa makapi. Walinzi wanakula mizuri, na ule mbaya wanamwachia mfungwa. Ndani ya wishwa mna tupa! Na usiku watu wanapiga ngoma na kuimba nje, ili mlio wa tupa ikikata pingu usisikike. Niambieni, Willy Gamba ana hila gani ya kuipita hiyo?

Na mwisho wake je? Liyongo haingiwi na silaha, isipokuwa moja, na siri hiyo anaijua yeye peke yake. Adui zake wanamtumia nani? Wanamtumia mwanawe, kijana, kwa kumwahidi cheo na mke. Kijana anamuuliza baba, baba anajua kuna hila, na hata hivyo anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anakwenda kumuua baba yake amelala. Liyongo anaamka na maumivu, anapiga goti kisimani na uta mkononi, anakufa vivyo hivyo, na watu kwa siku kadhaa wanaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wa kisa hicho mnamo 1913. Hapo mna siri, mna mauaji, na mna kijana aliyenunuliwa kwa ahadi. Riwaya ya upelelezi na riwaya ya vijana, zote mbili, zimelala Kipini katika kaburi moja.

Mfano wa pili si hadithi. Ni Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walikufa katika kambi ya Hola. Serikali ya kikoloni ilisema nini kwanza? Ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Lakini miili ikachunguzwa na madaktari, ushahidi ukasikilizwa mbele ya hakimu, na kweli ikatoka: walipigwa mpaka wakafa kwa kukataa kazi ya lazima. Habari ikafika hadi bunge la Uingereza. Sasa fikirini. Kama watu wangeridhika na maelezo ya kwanza, leo tungekuwa tunawafundisha watoto kwamba maji ya Tana yaliwaua wale watu 11. Mto ungesingiziwa! Ni ushahidi uliouokoa mto.

Mfano wa tatu unaniwia mzito, na nitausema taratibu. Mwaka wa 2012 na mwanzoni mwa 2013, hapa kwenye delta yetu, majirani waliuana. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwamo akina mama na watoto. Sitarudia majina ya vijiji, wenyewe wanasikia. Kulikuwa na sababu za malisho, za mashamba, za maji na za siasa. Lakini nakumbuka pia jinsi habari zilivyokuwa zikisafiri siku zile. Mtu anapokea simu: wale wameonekana mahali fulani. Nani kawaona? Saa ngapi? Walikuwa wangapi? Hakuna aliyeuliza. Ilitosha kusema "wale." Na baada ya kuzika, katika vijiji vya wakulima na katika manyata ya wafugaji, wangapi walikaa wakasema kama yule mzee wa kwa kinyozi, kumbe yule tulimwonea bure?

Sisemi kitabu kingezuia bunduki. Kitabu ni karatasi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kuuliza kabla ya kuhukumu ni mazoea, na mazoea hufundishwa. Mtoto aliyejifunza kwa Bwana Msa kwamba mtu wa kwanza kushukiwa mara nyingi siye, mtoto huyo akikua na simu ikalia usiku, huenda akauliza swali moja zaidi. Na swali moja linaweza kuchelewesha mkono mpaka kukapambazuka.

Basi kabla sijawaaga, nina maombi matatu.

Wazazi, mwaka huu nunueni kitabu kimoja ambacho si cha mtihani. Kimoja tu. Na mtoto akikisoma, msimwambie "acha hadithi, soma." Huko ndiko kusoma.

Walimu, mkimnyang'anya mtoto riwaya, mrudishieni Ijumaa. Na kama mmeisoma usiku, semeni ukweli, muijadili naye.

Vijana, andikeni. Hatuna mpelelezi wa Garsen. Tuna Bwana Msa wa Unguja, tuna Willy Gamba wa Dar es Salaam, lakini nani anayemwandika binti wa Tarasaa anayetafuta ng'ombe walioibwa, akifuata nyayo mpaka mtoni, na mtoni akakuta nyayo za viatu si za kwato? Haya, mwanzo nimewapa. Kuumaliza ni kazi yenu, na msimtie hatiani mtu kwa kabila lake, maana huo si upelelezi, ni uvivu.

Muda wangu umekwisha, fundi wa mitambo ananionyesha saa. Kijana uliyeniuliza pale stendi, jibu lako umelipata. Na yeyote anayetaka *Mzimu wa Watu wa Kale*, kile kitabu kizima, kiko kwa kinyozi, kwenye rafu juu ya kioo, karibu na poda. Nauli yake ni moja tu: ukikichukua, kirudishe na kurasa zake zote.